Mionzi, habasoda na ukimya wetu mbele ya daktari

Mwaka jana nilikaa Ruiru wiki tano na siku tatu. Mimi mtu wa Mombasa, baridi yangu ni ile ya kusi ya mwezi wa saba tu, lakini kule nilijikuta naamka alfajiri nikitafuta fulana ya pili ya kuvaa chini ya kanzu. Sababu ya safari ilikuwa shangazi yangu. Alipatikana na saratani ya titi, akafanyiwa upasuaji, kisha akaandikiwa mionzi mara ishirini na tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Familia ikaamua afuate matibabu huko huko bara alikopasuliwa. Mtoto wa ndugu yetu anafanya kazi kiwandani Thika na amepanga nyumba ya vyumba viwili Ruiru, kwa hiyo pa kulala palikuwapo. Tukapanda treni Miritini, tukaenda.

Siku ya nne niliingia jikoni kutafuta sukari, nikakuta chupa ya soda ya lita mbili imejaa maji mazito ya rangi ya manjano. Ndani mlikuwa na manjano yenyewe, habasoda iliyosagwa, tangawizi, kitunguu saumu, majani ya mlonge na asali. Kando yake palikuwa na kopo jeupe la vidonge. Kijana wetu alilinunua Thika, karibu na steji, kwa mtu mwenye kipaza sauti na meza. Shilingi elfu tatu na mia tano. Kwenye karatasi ya kopo palikuwa na maneno matatu makubwa kwa Kiswahili: husafisha damu, huua saratani, hukinga mionzi.

“Shangazi, hii daktari amekuona nayo?”

“Anione nayo kwani ni bangi? Hivi ni vyakula, mwanangu. Manjano na habasoda navila tangu sijaolewa.”

“Na hili kopo?”

“Hilo nalo ni mitishamba tu. Yeye ana mashine yake, mimi nina dawa yangu. Usende ukamwambia, atanigombeza bure.”

Sikumwambia daktari. Nakiri hapa. Siku tisa nzima nilimpeleka shangazi hospitalini nikijua anachokunywa, na kila walipomuuliza kama anatumia dawa nyingine alijibu hapana, na mimi nikatazama ukutani. Lakini lile neno la tatu kwenye kopo liliniingia kichwani likakataa kutoka. Hukinga mionzi. Ikiwa kweli vidonge vile vinakinga mionzi, vinamkinga nani? Vinamkinga shangazi, au vinaikinga saratani?

Hilo ndilo swali la makala hii. Nina diploma tu, tena si ya utabibu, kwa hiyo niliyoandika hapa ni yale niliyoyasoma usiku Ruiru nikiwa sina usingizi, nikayauliza kwa wanaojua, na kuyarudia mpaka nikayaelewa mwenyewe.

Kwanza neno lenyewe. Huku kwetu Pwani mionzi ina sura mbaya. Mtu akiitaja, wa Kilifi anafikiria Uyombo, na ule mpango wa kinu cha nyuklia uliowatoa watu barabarani mwaka 2024. Wa Kwale anafikiria kilima cha Mrima, ambako mawe yana madini ya thoriamu na ardhi yenyewe hutoa mionzi kupita sehemu nyingi za nchi, nacho ni kaya, msitu mtakatifu wa wazee, tangu kabla mchimbaji yeyote hajaleta leseni. Kwa hiyo mama wa Pwani akiambiwa atapigwa mionzi mara ishirini na tano, jambo la kwanza moyoni mwake ni kujikinga. Shangazi hakuwa mjinga. Alifanya lile ambalo kila mmoja wetu angefanya.

Sasa, mashine ya hospitali inafanyaje kazi? Haichomi uvimbe kama moto uchomavyo kuni. Mwili wa binadamu sehemu kubwa ni maji, na seli zake vile vile. Mwali unapopita ndani ya seli huvunja molekuli za maji, na vipande vinavyobaki ni vikali mno. Havidumu hata kupepesa jicho, hurukia chochote kilicho karibu navyo. Wanasayansi huviita radikali huru. Kilicho karibu kikiwa ni DNA, yaani ule uzi wenye maagizo yote ya seli, uzi hukatika. Katika eksirei zinazotumika kwa tiba, kama theluthi mbili za madhara ya DNA hupitia njia hii ya maji, na theluthi iliyobaki ni mwali kuupiga uzi wenyewe. Kipimo cha gray moja, ambacho ni kama nusu ya kile mgonjwa wa kawaida hupewa kwa siku, huacha ndani ya kila seli mikato kama elfu moja ya upande mmoja wa uzi, na mikato kama thelathini au arubaini ya pande zote mbili. Ile ya upande mmoja seli huishona haraka. Hii ya pande mbili ndiyo inayoua.

Hapo kuna jambo lililonishangaza. Oksijeni ikiwapo, jeraha la uzi hugandishwa likawa gumu kushoneka. Isipokuwapo, seli huhitaji kipimo kikubwa mara mbili na nusu hadi mara tatu ili ife. Kwa hiyo kazi yote ya mionzi ni kuwasha ndani ya seli moto mdogo wa oksijeni, kisha kutegemea kwamba seli nzima ya kawaida itajua kujishona kabla ya kesho, na seli ya saratani haitajua. Ndiyo maana dozi hukatwa vipande vipande kwa wiki tano badala ya kumaliza yote siku moja.

Rudi sasa kwenye chupa ya jikoni. Mmea hauna miguu. Husimama juani kutwa, ukipigwa na miali ile ile inayotubabua sisi, na hauna kivuli cha kukimbilia. Kwa hiyo umejitengenezea kemikali za kuuzima moto wa oksijeni. Rangi ya manjano ni kemikali ya namna hiyo, jina lake kurkumini. Ukali wa majani ya chai una nyingine. Habasoda ina taimokuinoni. Kwa jumla huitwa antioksidanti, na jina hili mmeliona kwenye makopo na kulisikia redioni mpaka limekuwa kama jina la baraka. Na kweli, ukiziweka seli kwenye sahani ya maabara, ukazimwagia kemikali hizi kisha ukazipiga mionzi, mara nyingi utakuta mikato imepungua. Mwuzaji wa Thika hakudanganya kabisa. Alisema nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo ya hatari. Kemikali iliyomezwa na kuingia kwenye damu haimuulizi mtu iende wapi. Ikizima moto ndani ya seli nzuri, itauzima pia ndani ya seli mbaya, mahali pale pale ambapo umelipa nauli, hospitali na chozi ili moto uwake.

Mtu ataniambia hizi ni nadharia. Basi kuna Wakanada waliojaribu kwa watu. Huko Quebec walichukuliwa wagonjwa 540 wa saratani ya kichwa na shingo waliokuwa wakipewa mionzi. Nusu wakapewa vidonge vya vitamini E pamoja na beta-karotini, ile rangi ya karoti na maembe, nusu wakapewa vidonge vitupu, na hakuna mgonjwa aliyejua amepata vipi. Beta-karotini ikasimamishwa njiani, kwa kuwa majaribio mengine yalikuwa yameonyesha inawazidishia wavutaji sigara saratani ya mapafu, na vitamini E ikaendelea. Matokeo ya mwaka 2005 yalikuwa na sura mbili. Waliopewa zote mbili walipata nafuu ya vidonda vya mdomo na koo wakati wa mionzi. Kinga ilifanya kazi. Lakini saratani ilielekea kurudi zaidi kwao, na mwaka 2006 watafiti wale wale wakaandika kwamba waliomeza vidonge walikufa wengi kuliko wenzao. Baadaye, mwaka 2008, walipochambua tena waliona madhara yamewaangukia wale waliokuwa wakivuta sigara wakati wa matibabu. Kwa hiyo haitoshi kusema antioksidanti inaua. Lakini mtu akikuambia haina neno kwa sababu ni ya asili, mtajie wagonjwa wa Quebec. Tena hawa walimeza vidonge vilivyopimwa sawasawa, si chupa ya soda.

Na manjano? Hapa ndipo nilipotarajia habari njema, kwa sababu nayapenda. Mwaka 2013 huko Marekani ilitoka taarifa ya wanawake 30 wenye saratani ya titi waliopewa mionzi. Waliomeza gramu sita za kurkumini kila siku ngozi yao iliungua kidogo kuliko wenzao. Habari ile ikaenea dunia nzima, na mpaka leo wauzaji wanaitaja. Ambacho hawakitaji ni kwamba watafiti wale wale walirudia jaribio kwa wanawake 686, na safari hii tofauti ikapotea. Asali vile vile. Huko Malaysia, mwaka 2003, wagonjwa 40 walionekana kupata nafuu ya vidonda vya mdomo kwa kulamba asali, kisha Waingereza wakajaribu asali ya Manuka wakailinganisha na sharubati ya kawaida, wasione tofauti. Jaribio dogo hufurahisha na kubwa hunyamazisha, na kwenye soko letu linalofika ni lile dogo.

Halafu kuna hesabu ambayo mwuzaji haifanyi. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia tatu. Ili upate gramu sita ule gramu mia mbili za unga, kila siku. Hebu mwulize mpishi wa harusi kama anaweza kutia robo kilo kasoro kidogo kwenye sahani ya mtu mmoja. Kijiko kinachoingia kwenye mchuzi ni chakula, wala hakuna daktari mwenye akili atakayekukataza. Kidonge kilichokamuliwa ni kitu kingine, na kiitwe kwa jina lake, yaani dawa. Wenye viwanda wanajua kwamba kurkumini haingii kwenye damu kirahisi, ndiyo sababu huichanganya na piperini, kemikali ya pili manga, ambayo mwaka 1998 ilionekana kuzidisha uingiaji wake kwa kadiri ya mara ishirini. Sasa piperini hiyo hiyo huziba njia ambazo ini hutumia kuvunja dawa nyingine. Umefungua mlango kwa manjano, na hujui ni nani mwingine aliyeingia.

Lakini msinielewe vibaya. Mimi si miongoni mwa wale wanaocheka kila jani. Kuna upande wa pili wa elimu hii ambao mwuzaji wa Thika hana habari nao, nao ndio mzuri zaidi.

Seli iliyopigwa mionzi hainyamazi. Hupiga kamsa. Kuna protini ndani yake inayofanya kazi kama askari wa zamu, huitwa p53. Ikiona uzi umekatika husimamisha kila kitu, seli isigawanyike kwanza, ijishone, na ikishindwa ijiue kwa utaratibu. Kuna ishara nyingine, NF-kappa-B, ambayo huiambia seli vumilia, usife. Saratani nyingi zinaitumia ishara hii kujiokoa na mionzi. Kwenye sahani ya maabara kurkumini imeonekana kuinyamazisha, na seli za saratani zikafa kwa wingi zaidi. Kwa hiyo kemikali ile ile inayoweza kuzima moto inaweza pia kumfungia adui mlango wa kutokea. Ipi itashinda? Inategemea kiasi, saa uliyomeza, na aina ya seli. Ndiyo maana hili si jambo la kuamuliwa jikoni.

Tena yako majani yaliyovuka mtihani huu wote. Paklitakseli, dawa ambayo wagonjwa wengi wa saratani ya titi wa hapa Kenya wameipata, ilitolewa kwenye gome la mti wa huko Marekani uitwao yew. Huishika seli katikati ya kugawanyika, saa ile ambayo mionzi huiumiza zaidi, kwa hiyo kwenye baadhi ya saratani madaktari huzitumia pamoja makusudi. Vinkristini, inayowaokoa watoto wenye saratani ya damu, imetoka kwenye kile kiua cha Madagascar, cheupe au cha waridi, ambacho huku kwetu kinaota penye mchanga na kila mtu anakipita. Mti mmoja wa Kikuyu, muiri, gome lake limesafirishwa Ulaya miaka mingi kwa ajili ya maradhi ya tezi dume, mpaka mwaka 1995 ukawekwa kwenye orodha ya kimataifa ya miti inayohitaji ulinzi kibiashara. Kwa hiyo hakuna ugomvi kati ya mmea na hospitali. Baadhi ya sindano za wodi ile ni mimea. Tofauti ni kwamba ile imeulizwa maswali.

Nije kwenye habasoda, kwa sababu najua wasomaji wangu wameshaanza kunikunjia uso. Hadithi yake kila mtoto wa chuoni anaijua, na iko katika Sahihi Bukhari. Siipingi na siwezi. Lakini maulamaa wetu hawakuisoma kwa haraka kama tunavyoisoma sisi. Al-Khattabi, mwanachuoni wa karne ya nne ya Hijria, alisema neno hilo ni la jumla lililokusudiwa mahususi, yaani maradhi yanayofaa kutibiwa na tabia ya mmea ule. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuamrisha kutafuta tiba, wala hakutuamrisha kumficha tabibu. Nilipomwambia shangazi haya alinyamaza kidogo, akasema, “Huyo Khattabi ndiye aliyekuambia umwage chupa yangu?” Sikuwa na jibu.

Ile barabara ya Thika ni kitu cha kutafakari. Ukitoka Nairobi unakipita Chuo Kikuu cha Kenyatta, na hospitali yake kubwa ya rufaa na utafiti, iliyofunguliwa mwaka 2019, iko karibu hapo Kahawa, ina mashine ya PET-CT na kiwanda chake cha dawa za kupigia picha zenye mionzi. Unafika Ruiru. Ukisogea mbele unakuta Juja na chuo cha Jomo Kenyatta, halafu Thika yenyewe na vyuo vyake na hospitali yake ya kaunti. Katika maabara za vyuo hivyo wanafunzi hukamua majani ya Kenya kila mwaka wakiyajaribu juu ya seli. Kando ya barabara hiyo hiyo meza za makopo meupe ziko kila steji. Vitu vitatu, maabara, hospitali na meza, vyote ndani ya safari ya matatu ya saa moja. Mgonjwa anavipitia vyote siku moja, na yeye ndiye pekee anayejua kwamba vimekutana, maana vimekutana tumboni mwake.

Sheria tunayo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ina sehemu nzima juu ya tiba asilia, na Bodi ya Dawa na Sumu husajili bidhaa za mitishamba. Kopo la shangazi halikuwa na nambari ya usajili, halikuwa na tarehe ya kutengenezwa, na orodha ya viungo ilikuwa neno moja: mitishamba. Hilo si la kisheria tu. Huko Bangladesh, mwaka 2019, watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wasindikaji walikuwa wakitia rangi yenye risasi kwenye manjano ili yang'ae. Sisi watu wa viungo tunajua rangi inayong'aa kupita kiasi si ya Mungu.

Pesa nazo zina sehemu yake. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, Oktoba 2024, kiwango cha saratani kilikuwa shilingi laki nne kwa kaya kwa mwaka, na laki moja na nusu juu yake kutoka mfuko wa maradhi sugu. Anayejua bei ya upasuaji, kemo na mionzi anajua hizo zinaishaje. Mwaka 2020 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilikadiria wagonjwa wapya zaidi ya 42,000 nchini Kenya na vifo zaidi ya 27,000. Mtu akishaona hesabu hizo, kopo la elfu tatu na mia tano linaonekana rahisi, tena linasema litaua saratani, jambo ambalo daktari wa kweli hathubutu kuahidi. Tusisahau Loliondo. Mwaka 2011 maelfu ya watu, na Wakenya wakiwamo, walipanga magari milimani kunywa kikombe cha Babu Mwasapila kwa shilingi mia tano za Tanzania. Wako walioacha dawa zao nyumbani. Waliokwenda walikuwa na walimu, wafanyibiashara na waheshimiwa. Kiu ya kuambiwa utapona haichagui elimu.

Na madaktari? Nitasema ukweli. Shangazi alificha kwa sababu alishagombezwa, si Ruiru, bali zamani, kwingine, kwa jambo jingine la mitishamba. Mtu mzima wa miaka sitini na mbili aliinuliwa sauti mbele ya watoto wake. Akajifunza kunyamaza. Swali lenyewe pia huulizwa vibaya. Mwulize mama wa Pwani kama anatumia dawa yoyote, atasema hapana na hatakuwa amesema uongo, kwa sababu chupa ile kwake si dawa. Ungemwuliza, mama, unakunywa nini asubuhi kabla ya chai? Angekueleza mpaka idadi ya punje.

Siku ya tisa niliamua. Nilimwambia shangazi usiku kwamba kesho nitasema, na kama atakasirika akasirike. Alikasirika. Hatukuzungumza kwenye matatu. Daktari alikuwa mwanamke, umri wa binti zake. Nilipomaliza, nikiwa nimeshajiandaa kutetea, aliuliza kama chupa tumekuja nayo. Tulikuwa nayo, mimi niliificha kwenye mfuko wa mswala. Akaifungua, akainusa, akacheka. Akasema bibi yake Murang'a ana yake, tofauti ni majani tu.

Kisha akatenganisha. Viungo vya chakula, tangawizi kwenye chai ikiwa kichefuchefu kipo, hivyo viendelee. Chupa isubiri mpaka mionzi iishe, kwa sababu kitunguu saumu na manjano kwa wingi huweza kuifanya damu iwe nyepesi na jeraha la upasuaji lilikuwa halijakauka vizuri. Kopo, hapana kabisa, na akaandika jina lake kwenye faili. Ngozi isipakwe kitu kabla ya mionzi, hata shubiri. Shangazi akauliza kama zile siku zilizopita zimeharibika. Nilikuwa nikiliogopa swali hilo kuliko yeye. Daktari akasema hawezi kujua, na hakuna kipimo cha kumwambia, lakini zilizobaki ni nyingi kuliko zilizopita.

Hilo “hawezi kujua” ndilo linalonikera mpaka leo. Tungeweza kujua. Taasisi ya Kitaifa ya Saratani ipo, iliundwa chini ya sheria ya mwaka 2012. KEMRI ina kituo chake cha dawa za asili. Mombasa, Nakuru na Garissa zimewekewa vituo vya saratani vya kanda. Inahitajika karatasi moja kwenye faili la kila mgonjwa wa mionzi, kwa Kiswahili cha kawaida, imuulize anakunywa nini, anapaka nini, anatafuna nini, kiasi gani, tangu lini. Baada ya miaka mitano, kutoka Lamu hadi Lungalunga, tungekuwa na kitabu ambacho hakuna chuo cha Ulaya kinachoweza kukiandika kwa niaba yetu, kwa kuwa wao hawanywi mwarobaini. Sasa hivi taarifa hiyo inazikwa na wenyewe.

Mionzi iliisha siku ya Ijumaa. Shangazi alitoka akamwuliza daktari, mbele yangu na kwa ushindi fulani, ni tarehe ngapi anaweza kuirudia chupa yake. Daktari akamwambia kuna kidonge kingine anakianza, tamoksifeni, na atakimeza kwa miaka. Akamweleza juu ya wanawake wa Rotterdam, Uholanzi, ambao mwaka 2019 walipimwa damu wakiwa wanameza tamoksifeni pamoja na kurkumini. Dawa yenyewe ilipungua kwenye damu, na ilipungua zaidi pilipili ile ilipoongezwa. Walikuwa kumi na sita tu, alisema, kwa hiyo asilichukue kama sheria, lakini alichukue kama sababu ya kuuliza kabla.

“Miaka,” shangazi alisema tulipofika nje. Hakuongeza neno mpaka Voi.

Siku hizi mchuzi wake una manjano kama zamani, na habasoda ananyunyiza kwenye mkate. Chupa hakuna. Kopo alinipa mimi nikalitupe, nami sikulitupa. Liko juu ya meza ninapoandika haya. Wiki iliyopita nilipiga nambari iliyoandikwa ubavuni mwake, nikitaka kuuliza ndani mna nini hasa na nani alipima hiyo kinga ya mionzi. Kijana aliyepokea alikuwa mpole sana. Aliniacha niseme mpaka mwisho, kisha akaniuliza nataka makopo mangapi.